Jibu: wingi wa "fish" na "knife" kwenye bango

Mkuu umeuliza kama bango la genge lako pale mwaloni Kirumba liandikwe "fresh fishes" na "knifes" maana unauza samaki na visu vya kuparia. Hapana, andika "fresh fish" na "knives".

Fish haibadiliki hata ukiwa na tenga zima la sato, na sangara nao ni "Nile perch" tu awe mmoja au mia. "Fishes" ipo kweli, ila sana sana wanaitumia wataalamu wakiongelea aina tofauti tofauti, mfano mtu anayeandika kuhusu sangara, sato na furu wa Ziwa Victoria kwa pamoja.

Maneno mengi unaweka s tu basi, yakiishia s, x, ch au sh unaweka es, ndo maana box inakua boxes. Y ikitanguliwa na konsonanti inageuka ies, kwa hiyo baby ni babies ila boy inabaki boys. Kwenye f ndo watu wanapotea, knife inakua knives, wife wives, lakini roof ni roofs na chief ni chiefs, hapo hamna ujanja ni kukariri tu. Man/men, foot/feet, tooth/teeth ni ya zamani sana, Kiingereza cha kale kilikua kinabadilisha irabu ya katikati, na child/children, ox/oxen zimebaki na ile en ya zamani.

Yanayoishia o nayo hayafanani, kama unauza na viazi ni "potatoes", ila picha ni "photos". Tuma maneno yote ya bango hapa tuyapitie kabla fundi hajaanza kupaka rangi.