P-101 ina mota mbili, mfumo unasema ni moja

SWALI: Natunza kumbukumbu za mitambo ya kituo cha kusukuma maji kwa OWL, lugha ya kompyuta ya kueleza vitu na mahusiano yake. Pampu P-101 ilitolewa mota M7 ikawekwa M12. Baadaye pampu yote iling'olewa, ikafungwa nyingine, nayo tunaiita P-101. Sasa mfumo unadai M7 na M12 ni mota moja! Je, kitu kikibadilika niunde kipya kila mara?

JIBU: Usiunde, utapoteza historia yote. Mfumo wako ni mzima. Uliuambia pampu ina mota moja tu, kisha ukaupa majina mawili. Kwa OWL majina mawili yanaweza kuwa ya kitu kimoja, basi ikahitimisha hivyo. Ukitangaza kuwa mota hizo ni tofauti, itakwambia data zinapingana. Kauli ya OWL huunganisha vitu viwili tu, na tarehe haina pa kukaa.

Anza na jina. P-101 mnaiitia vitu viwili: nafasi kwenye mchoro, na chuma chenye serial namba. Chuma kitaenda stoo, nafasi itabaki. Vitenganishe.

Kuhusu wakati kuna kambi mbili. Kwa BFO, mfumo wa msingi wa kuainisha vitu (kiwango cha ISO/IEC 21838-2 cha mwaka 2021), pampu ipo nzima kila saa, hata ikibadilishwa mota. Vyenye vipande vya muda ni matukio, kama kufungwa na kusukuma. ISO 15926, kiwango cha data za mitambo kilichokulia kwenye mafuta na gesi, huitandaza pampu yenyewe kwenye muda, hivyo P-101 ni mfululizo wa vipande vya pampu zilizowahi kukaa pale. Ni nadhifu, ila jaribu kumweleza fundi wa zamu kuhusu "kipande cha pampu cha mwezi Machi".

Kwako ningefuata BFO. Unda aina iitwayo Ufungaji, kila mmoja ukitaja kilichofungwa, kilipofungwa, tarehe ya kufungwa na ya kung'olewa. Itumie kwa mota ndani ya pampu na kwa pampu kwenye nafasi. Sharti la "moja tu" lihamishie huko. Tarehe zinazoingiliana OWL haitazinasa. Hiyo ni kazi ya SHACL (lugha ya kukagua data) au ulizo la SPARQL (lugha ya kuuliza data).

Fundi akibadilisha impela (gurudumu linalosukuma maji), shafti, mpaka bodi (ganda la pampu), bado ni pampu ileile? Kiwango hakikuamulii. Mimi hufuata bodi yenye kibati cha kiwandani, maana dhamana na hati za ununuzi huandikwa kwa namba hiyo. Bodi ikibadilishwa, fungua pampu mpya, uandike imerithi vipuri gani.