Muulize Fundi: Terminali za kebo za ndege, kubana ni dakika, kupima ndo kazi

Safari hii maswali mengi yamekuja kuhusu kebo za kuongozea ndege, zile zinazotoka kwa rubani kwenda kwenye eileroni, eleveta na usukani wa mkia (vile vibao vya mbawa na mkia vinavyogeuza ndege), na hasa vile vichwa vyake tunavyoviita terminali. Nimechukua machache, mengine yanafanana kwa hiyo ukiona swali lako halipo soma la mwenzio.

Shikamoo fundi. Mi nasoma ufundi wa ndege. Tumebana terminali kwenye kebo ya inchi 1/8, imetoka inang'aa vizuri tu, ila nikipima kipenyo kwa maikromita napata inchi 0.231. Mwenzangu anasema iko poa maana tumeivuta kwa mikono wawili haikutoka. Nani yuko sawa?

Marahaba. Mwenzio hayuko sawa. Mikono yenu miwili haiwezi kuipa kebo ile hata robo ya mzigo wake, kebo ya chuma iliyopakwa zinki ya inchi 1/8, aina ya 7x19, inakatika kwenye ratili 2,000 yaani zaidi ya kilo 900, sasa nyie mnavuta ngapi hapo?

Terminali ya shanki iliyonyooka (shanki ni ile sehemu ya bomba kebo inamoingia) ya saizi hiyo inaanza na kipenyo cha inchi 0.250, ukishaibana inatakiwa iwe imeshuka mpaka 0.219. Kwa hiyo 0.231 maana yake kazi haijaisha. Elewa kinachotokea mle ndani: 7x19 ni mafungu saba yenye nyuzi 19 kila moja, jumla nyuzi 133, na kati ya hizo nyuzi kuna mianya kibao. Unapobana, chuma cha terminali kinatiririka kikiwa baridi vilevile na kuingia kwenye ile mianya, ndo kinashika. Usipofika kipimo mianya haijajaa, terminali imeishikilia kebo kwa juu juu tu, na siku ndege inatikiswa na upepo ndo itaanza kuteleza kidogo kidogo.

Angalia kwanza meno ya mashine, yani dai, kama ni ya saizi yenyewe na hayajalika, kisha soma manyuali ya hiyo mashine uone kama inaruhusu kurudia kubana na unazungusha vipi terminali kati ya mbano na mbano. Ukipima usipime sehemu moja. Pima karibu na mdomo, katikati na mwisho, halafu geuza robo duara upime tena, maana terminali ikibanwa bila kuzungushwa inatoka na umbo la yai, upande mmoja maikromita inakusomea vizuri kabisa na upande wa pili inakusuta. Na ikipitiliza, ikawa nyembamba kuliko inavyoruhusiwa? Kata tupa. Chuma kilichobanwa kupita kiasi kinakuwa kigumu na kinapasuka kirahisi, na terminali ikishabanwa haitumiki mara ya pili kwa namna yoyote.

Kingine ambacho wanafunzi wengi wanasahau, terminali inarefuka ikibanwa. Ukikata kebo kwa urefu kamili wa mchoro itatoka ndefu kuliko unavyotaka, kwa hiyo huo urefu unaoongezeka uupigie hesabu kabla hujakata.

Fundi, nyuzi za kebo zinafumuka nikikata, naweza kuweka lehemu kidogo kwenye ncha ndo niingize kwenye terminali? Inaingia kiulaini sana.

Hapana, na hilo "kiulaini" ndo tatizo lenyewe. Lehemu inaziba ile mianya niliyoisema juu, chuma cha terminali kinakosa pa kuingia na kebo inachomoka. Zungushia tepu kabla ya kukata, kata katikati ya tepu kwa mkasi wa kebo au patasi, usikate kwa moto wa gesi maana joto linaharibu ugumu wa nyuzi. Kuingiza sasa: paka ncha dawa ya kuzuia kutu, sukuma kama inchi moja, kunja kebo kidogo kuelekea kwenye terminali halafu inyooshe uisukume mpaka mwisho. Ule mkunjo mdogo unaifanya ikwame ndani isirudi nyuma wakati unahangaika na mashine. Weka alama kwenye kebo kabla ya kuingiza ili ujue kweli imefika mwisho wa tundu, usiamini tu mkono.

Habari fundi, mi najenga ndege yangu ndogo nyumbani. Sina hela ya mashine ya kubana terminali, natumia zile slivu za umbo la yai, yani vipande vya bomba vinavyobanwa juu ya kebo, na kebo inarudi kwenye kitanzi. Duka la vifaa vya ujenzi lina slivu za alumini bei chee. Je zinafaa?

Nzuri. Njia ya slivu yenyewe ni halali kabisa na ikifanywa vizuri inabeba nguvu zote za kebo, usione aibu. Za alumini za dukani weka pembeni, zitakufaa kwenye uzio. Unataka slivu za shaba nyekundu zilizotengenezwa kwa ajili ya kebo za ndege na chombo cha kubania kinacholingana nazo, na kama kebo yako ni stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, basi chukua zile zilizopakwa, sio shaba tupu, kwa sababu metali mbili tofauti zikikaa pamoja na unyevu zinalana.

Kwa inchi 1/8 unabana mara tatu kwa chombo cha mkono: ya kwanza katikati, ya pili upande wa kitanzi, ya tatu upande wa mkia. Slivu itarefuka, kwa hiyo acha mkia wa kebo utokeze wa kutosha, ukiisha kubana bado uuone nje. Mkia ukimezwa ndani ya slivu nguvu ya kushika inapungua na hiyo ni ya kukata na kuanza upya. Ndani ya kitanzi weka kile kipete cha chuma chenye mfereji. Halafu geji, kile kipimo cha kuhakiki mbano. Kila mbano upitishe geji yake, isipopita ujue chombo kimelegea, kirekebishe. Mtu anayebana slivu bila geji mi huwa simwelewi, geji yenyewe ni kipande cha bati tu.

Tunajaribuje kebo mpya kabla ya kuifunga?

Vuta taratibu mpaka asilimia 60 ya mzigo wa kukatikia na uiache hapo angalau dakika 3. Kwa ile ya zinki ya inchi 1/8 ni ratili 1,200, kama kilo 544. Stenlesi ya saizi hiyo inakatikia 1,760 kwa hiyo ni 1,056. Kabla ya kuvuta piga mstari wa rangi pale kebo inapoingia kwenye terminali, ukiukuta umekatika kebo imeteleza. Na msisimame kwenye mstari wa kebo jamani, ikichomoka inarudi kwa kasi.

Kebo za ndege yetu ni za zamani lakini nyuzi hazijakatika hata moja. Kuna haja ya kuangalia terminali?

Ipo, tena kubwa. Terminali nyingi za zamani ni stenlesi ya aina 303 Se, ambayo ikikaa na mkazo na unyevu kwa miaka inapata nyufa zinazoletwa na kutu, huku kebo yenyewe ikiwa nzima kabisa. Mwaka 2013 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo la ukaguzi wa mfumo wa kebo za stabileta (bawa dogo la mkia linaloinua na kushusha pua ya ndege) kwenye aina kadhaa za ndege za Piper kwa sababu hiyo. Toa tepu na waya wa kufungia kama vimefunika shanki, futa grisi yote, chukua taa na lensi ya kukuza, pita duara zima. Ukiona vidoa vya kahawia, vishimo au kamstari kembamba kama unywele, usipolishe ili "uone vizuri", kebo hiyo itoke.