Barua kwa mwanangu kuhusu neno "nchi"

Mwanangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako, na swali lako limenifurahisha: kwa nini Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 inasema kwamba Mungu "aliziumba mbingu na nchi", ilhali leo mtu akitaja nchi tunafikiria mipaka, bendera na serikali? Watafsiri hawakukosea. Walilitumia neno hilo kwa maana yake ya kale, yaani ardhi tunayoikanyaga, na ndiyo maana katika sura hiyohiyo pale pakavu panaitwa Nchi na makusanyiko ya maji yanaitwa Bahari. Hata sasa abiria akiteremka chomboni husemwa amefika nchi kavu.

Neno hili ni la Kibantu, tena la zamani mno. Waganda husema ensi, Wanyarwanda isi, Wakikuyu thĩ. Ushahidi unaonipendeza kuliko wote unautamka kila siku: chini ni nchi iliyoongezewa kiambishi -ni cha mahali, kama vile nyumba inavyozaa nyumbani, hivyo kwa asili anayekaa chini anakaa ardhini. Waganda nao husema wansi, na Wazulu phansi.

Ardhi na dunia yalitujia kutoka Kiarabu, yakaipunguzia nchi kazi zake. Injili ya Mathayo katika tafsiri hiyo inasimulia tetemeko la nchi, lakini redio hututangazia tetemeko la ardhi; na umiliki wa viwanja hapa Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999.

Hata hivyo, usidhani kwamba maana ya utawala ilibandikwa juu ya neno hili na wakoloni. Wasambaa wa milima ya Usambara wana usemi wao wa kale, kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, ambao ndani yake mna mvua inayonyesha kwa wakati, mazao yanayokomaa na mtawala anayetuliza ugomvi. Na shi yao ndiyo nchi yetu. Kwao mavuno na utawala havikutenganishwa, nami naamini hapo ndipo neno letu linaeleweka vizuri zaidi. Kwa sababu hiyo nalipenda neno mwananchi kuliko raia, ambalo katika Kiarabu lilianza kwa maana ya kundi linalochungwa.

Wasalimie wajukuu zangu wote.

Ni mimi mama yako.