Anayeitwa msaliti leo, kesho ni nani?

Ndugu, umeuliza kama "msaliti" ndani ya CCM, chama tawala Tanzania, ni mtu aliyeacha itikadi ya chama. Mimi naona itikadi haihusiki sana. Tazama ya 2015. Kamati Kuu ya chama ilipokata jina la Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, kwenye orodha ya wanaotaka kugombea urais kule Dodoma, wajumbe wake watatu, Nchimbi, Sophia Simba na Kimbisa, walijitokeza mbele ya waandishi wa habari wakasema hawakubaliani. Hakuna aliyebishania Ujamaa wala Azimio la Arusha pale. Ugomvi ulikuwa wa majina na utaratibu wa kuyachuja.

Machi 2017 rungu likashuka. Simba, mwenyekiti wa UWT (jumuiya ya wanawake ya CCM) wakati ule, akafukuzwa uanachama (baadaye akasamehewa). Nchimbi akapewa onyo kali. Lowassa mwenyewe, aliyehamia Chadema akagombea urais dhidi ya CCM, alirudi Machi 2019 akapokelewa Lumumba, ofisi ya CCM Dar es Salaam, na mwenyekiti wa chama, Magufuli, kwa tabasamu. Na Nchimbi? Januari 2024 akawa Katibu Mkuu, mwaka uliofuata Makamu wa Rais.

Sasa niambie, nani kati yao aliwahi kuulizwa anaamini nini kuhusu ardhi au elimu? Chadema nao wasicheke. Walimwita Lowassa fisadi miaka nenda rudi, halafu wakampa bendera. Ukitaka kujua nani "CCM damu", uliza kwanza alikuwa kambi ya nani jina lilipokatwa.