Igizo la nyimbo dhidi ya uonevu shuleni: anza na kwaya, si na shujaa

Maigizo mengi ya shule kuhusu uonevu yana umbo moja. Mtoto mmoja anaonewa, anapata ujasiri, anamkabili mwonevu, mwonevu anaomba msamaha, wanakumbatiana, wazazi wanapiga makofi. Kesho yake kwenye foleni ya uji mambo ni yale yale. Igizo la namna hiyo linamtaka mtoto mnyonge asimame peke yake, jambo ambalo ndilo gumu kuliko yote, na linawaacha wengine wote wakitazama kama wanavyotazama kila siku.

Watazamaji hao ndio wenye uwezo. Utafiti mmoja uliorekodi kwa kamera viwanja vya shule mjini Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba karibu matukio 9 kati ya 10 ya uonevu yalitokea mbele ya watoto wengine. Waliingilia mara chache, kama mara 2 kati ya 10. Lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Katika igizo la nyimbo kundi hilo la watazamaji tayari liko jukwaani: ni kwaya. Kwa hiyo kazi yako, mwalimu, ianzie kwenye kwaya.

Kwanza watoto waelewe tunazungumzia nini. Uonevu hufanywa makusudi, hurudiwa, na anayeufanya ana nguvu kuliko anayefanyiwa: kwa umri, mwili, pesa, au wingi wa marafiki. Utani ni kitu kingine. Mtani hujibu, na wote wawili hucheka. Pale ambapo mmoja hawezi kujibu, utani umekwisha.

Kundi la watoto 20 hadi 24 wa darasa la nne hadi la sita linatosha. Panga mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki 6, dakika 60 kila mara, kwa igizo la dakika 15 hadi 20 lenye nyimbo 3. Zikizidi hapo, muda wote utaishia kwenye kukariri maneno.

Hadithi itoke kwa watoto, ila isimguse mtoto yeyote. Chora ramani ya shule ubaoni: madarasa, vyoo, bomba la maji, kiwanja, njia ya kurudi nyumbani. Kila mtoto aandike kwenye karatasi isiyo na jina ni wapi na saa ngapi uonevu hutokea. Usiulize ni nani. Karatasi zikitaja nyuma ya vyoo mara 11, umepata eneo la igizo lako, na pia umepata mahali ambapo mwalimu wa zamu anapaswa kusimama kuanzia kesho. Sababu ya mhusika kudhihakiwa isiwe hali ya mtoto yeyote aliye shuleni. Kama yupo mwenye kigugumizi, mhusika asiwe na kigugumizi, hata kama nia ni njema kiasi gani. Majina ya wahusika nayo yasifanane na ya wanafunzi.

Sasa muziki, na hapa ndipo tunapoomba umakini wako wote, maana makosa makubwa huanzia hapa. Usimpe mwonevu wimbo mtamu. Wimbo wa dhihaka wenye kiitikio kizuri utaimbwa kiwanjani wiki nzima, na atakayeimbiwa ni mtoto halisi. Maneno ya mwonevu yasemwe juu ya ngoma tupu, bila kiitikio, na mdundo ukatike kabla ya sikio kuuzoea. Jina la kejeli nalo liwe neno lisilo na maana yoyote, ili shule isipate jina jipya la kumpachika mtu.

Kiitikio, utamu na sauti mbili wape wanaotetea. Andika kwa sol-fa (do, re, mi) kama kwaya zetu zilivyozoea, Do iwe noti ya D, na wimbo ubaki kati ya Do ya chini na Do ya juu. Ukipanda zaidi, watoto wa umri huu wataanza kupiga kelele na maneno yatapotea. Maneno yawe mafupi, silabi 6 hivi, yanayoweza kusemwa na mtoto aliyeogopa: “Acha, inatosha.” “Njoo, twende zetu.” Pigo zito liangukie silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyozungumza: A-cha, ina-TO-sha. Pigo likiangukia “sha”, sentensi inageuka wimbo mtupu, na mtoto hataweza kuitumia nje ya wimbo.

Kutumika nje ya wimbo ndilo lengo, kwa sababu hakuna mtoto atakayeimba mbele ya mwonevu bombani. Kwa hiyo uvue muziki hatua kwa hatua. Wiki ya kwanza na ya pili waimbe. Wiki ya tatu waseme maneno yale yale juu ya mdundo wa ngoma, mapigo kama 90 kwa dakika. Wiki ya nne ngoma inyamaze, waseme kwa kasi ile ile. Wiki ya tano watoke nje wakayaseme pale pale ramani ilipoonyesha. Walimu wengi huishia kwenye hatua ya kuimba kwa sababu inapendeza, na ndiyo maana watoto hubaki na wimbo mzuri tu.

Kwaya yenyewe ibadilike mbele ya macho ya hadhira. Katika onyesho la kwanza, yaani tukio la kwanza la igizo, inacheka pamoja na mwonevu kwa mapigo manne. La pili inanyamaza mapigo hayo manne. Kimya hiki kizoeshwe kwa bidii: watoto hukikimbia, basi wahesabu kwa kidole cha mguu ndani ya kiatu. Wadogo na wakubwa wote huhisi kicheko kilipokatika, na hadhira hushtuka. Onyesho la tatu inatoka sauti moja, na ndani ya mapigo mawili iingie ya pili, kisha nne, kisha wote. Sauti ya pili isichelewe hata kidogo. Mtoto wa kwanza akiachwa peke yake mapigo manane, umefundisha kwamba anayetetea hutengwa. Wanaotetea wasimkabili mwonevu uso kwa uso. Wasimame ubavuni mwa anayeonewa, umbali wa mkono mmoja na nusu kutoka kwa mwonevu, waseme mara moja, wageuke na kuondoka naye.

Waambie wazi kwamba haya ni kwa watoto wenzao. Mtu mzima akiwaonea, hakuna kubaki na kubishana: ni kuondoka na kumwambia mtu mzima mwingine.

Nafasi ya mwonevu izunguke kwa watoto watatu au wanne wanaopendwa darasani. Usimpe anayejulikana kuwa mwonevu, utakuwa umemwongezea jukwaa. Na anayeonewa kweli usimwigize maisha yake, mpe ngoma au sauti ya kwanza kwenye kwaya. Mwonevu atambulike kwa kofia. Kila mwisho wa mazoezi, dakika 5, aivue, ataje jina lake halisi na jambo moja analolipenda. Hatua hii ikirukwa, jina la mhusika humfuata mtoto hadi darasani.

Maleba, yaani mavazi ya igizo, ni khanga chache na ala ni ngoma moja, kayamba, na manyanga ya chupa zenye punje za mahindi. Basi.

Siku ya kuonyeshwa mbele ya hadhira, igizo lisiishie kwenye wimbo wa mwisho. Augusto Boal, mwongozaji wa tamthilia wa Brazili, alianzisha mtindo wa kurudia tukio na kumruhusu mtazamaji aingie kubadilisha. Rudieni onyesho la pili. Ngoma ikipigwa mara tatu, wote wasimame pale walipo, na mtoto kutoka hadhira achukue nafasi ya mmoja wa wanakwaya wanaotazama uonevu. Akimfanya mwonevu awe mwema ghafla, uliza wenzake kama hilo hutokea. Akipiga ngumi, endelea na tukio hadi matokeo yake yaonekane. Majaribio manne yanatosha.

Mradi wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ajili ya wasichana wa sekondari, ulijengwa hivyo: wanafunzi wataje tatizo, walichambue, waliigize, kisha hatua zichukuliwe. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Kabla ya zoezi la kwanza shule iwe imechagua walimu wawili wa kupokea taarifa, wakiwemo mwanamume na mwanamke, na daftari la kuziandika. Mazoezi haya hufungua vinywa. Mtoto akisema jambo lake, usimhoji mbele ya wenzake na usimwahidi siri; mwambie nani ataelezwa, na kwa nini. Jambo zito likihitaji msaada nje ya shule, namba 116 ya huduma kwa watoto hupigwa bila malipo Tanzania, Kenya na Uganda.

Mtoto aliyetoa taarifa aulizwe tena hali yake siku inayofuata, kisha baada ya wiki moja, na tena baada ya wiki mbili, kwa sababu mara nyingi kisasi huja pale watu wazima wanapodhani mambo yamekwisha. Kama shule haiwezi kuahidi hayo, ahirisha igizo hadi iweze.