Mita moja shilingi ngapi? Nilivyojifunza kumtafutia mteja simu za wanunuzi kupitia Google

Mteja wangu wa kwanza hapa Dodoma alikuwa mchimba visima. Ana mtambo mmoja, lori moja na ofisi ya chumba kimoja Area C. Kwa miezi minne alinilipa niijenge tovuti yake na kuifanya ionekane Google, kazi ambayo wengi tunaiita SEO. Mwezi wa nne nikampelekea ripoti nikiwa na furaha: ukitafuta kwa Kiingereza kampuni za uchimbaji visima Tanzania, jina lake lilikuwa juu. Mzee aliisoma yote, akaikunja, akaniuliza, "Kijana wangu, hao wanaobofya, mbona hawapigi?"

Sikuwa na jibu. Nyumbani nikafungua Search Console, chombo cha bure cha Google kinachoonyesha maneno yaliyowaleta watu kwenye tovuti na nchi walizopo. Wengi walikuwa nje ya Tanzania. Waliobaki walikuwa wakitafuta jinsi mtambo wa kuchimba unavyofanya kazi, maneno ya mwanafunzi mwenye kazi ya darasani. Sikuona dalili ya mtu anayejenga Nala na hana maji.

Nikamwomba mzee ruhusa nikae ofisini kwake siku mbili, nisifanye lolote ila kusikiliza simu. Siku hizo zilinifundisha kazi hii kuliko video zote nilizowahi kutazama. Hakuna aliyepiga akasema anatafuta huduma bora za uchimbaji. Walisema: "Mita moja shilingi ngapi?" "Nipo Mkonze, mnafika?" "Jirani alichimba akapata maji ya chumvi, na mimi je?" "Gari lenu litapita? Njia yangu nyembamba." "Mkikosa maji nalipa?" Niliandika kila swali kwenye daftari kwa maneno yaleyale waliyotumia. Jioni ya siku ya pili nilikuwa nimejaza kurasa tatu, na maswali machache yalikuwa yakijirudia kila baada ya simu mbili tatu. Tovuti niliyoihangaikia miezi minne haikujibu hata moja. Ilikuwa na dira, dhamira na picha ya mtambo.

Anayeijua Dodoma anaelewa kwa nini maswali yalikuwa hayo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi. Maji ya mjini kwa miaka mingi yametegemea visima vya Makutupora. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, watu walijenga kuelekea Nala, Iyumbu, Zuzu, Ihumwa mpaka Mtumba, na mara nyingi nyumba hutangulia bomba. Aliyenunua tofali mchana ndiye anayegugo kisima usiku akiwa na simu yake kitandani. Hafikirii kampuni ya mtu. Anafikiria kiwanja chake.

Basi nikaanza upya: kila swali lililojirudia likapata ukurasa wake, na kichwa cha ukurasa kikaandikwa karibu sawa na lilivyoulizwa. Ukurasa wa bei ndio ulioleta mvutano. Mzee aliogopa kwamba washindani wataiona bei. Nilimwambia washindani wanaijua tayari, wanapiga simu wakijifanya wateja. Asiyeijua ni mteja, na mteja akikosa bei kwako anaitafuta kwingine. Tukakubaliana kuandika bei ya kuanzia kwa mita pamoja na tarehe yake, kisha tukaeleza kinachoongezeka juu yake: upimaji wa kutafuta maji kabla ya kuchimba, mabomba ya kuzuia kuta zisiporomoke, kusafisha kisima, pampu, kupeleka maji maabara, na taratibu za vibali kwa Bodi ya Maji ya Bonde. Tukaeleza kwa nini majirani wawili wanaweza kulipa tofauti kubwa: mmoja kapata maji mita 80, mwingine kaenda mita 120. Simu zilizokuja baada ya hapo zilikuwa za aina nyingine. Mtu anapiga akiwa ameshaijua bei, anauliza lini mtakuja kupima.

Neno kuhusu lugha. Watu huandika "kisima bei", "kuchimba kisima sh ngapi", "visima dodoma", bila alama wala mpangilio. Usijaribu kuwanyoosha, na usiyajaze maneno hayo kwenye ukurasa mpaka usomeke kama kasuku. Andika Kiswahili cha kawaida kinachojibu swali, na maneno yataingia yenyewe. Shirika linalotaka kuchimbia shule kisima mara nyingi litatafuta kwa Kiingereza, kwa hiyo lipe ukurasa wake wa Kiingereza wenye mambo yanayolihusu, si tafsiri ya ule wa mwenye nyumba. Na ukikutana na fundi anayekutoza fedha kwa kuweka orodha ya maneno iliyofichwa kwenye msimbo wa tovuti, fahamu kwamba Google ilishatangaza tangu mwaka 2009 kuwa haiitumii orodha hiyo kupanga matokeo.

Nilishawishika wakati fulani kutengeneza kurasa arobaini zinazofanana, nikibadilisha jina la mtaa tu: kisima Nala, kisima Zuzu, kisima Michese. Nashukuru sikufanya. Google inazihesabu kurasa za namna hiyo kuwa ni udanganyifu, na mwenyeji wa Zuzu akizisoma anajua mara moja kwamba mwandishi hajawahi kufika. Tulitengeneza za maeneo machache ambako mzee amechimba kweli, kila moja ikiwa na picha za kazi ya hapo, hali ya mwamba aliokutana nao na njia ambayo gari lilipita.

Ramani ilitupa simu za haraka kuliko tovuti. Ukurasa wa biashara kwenye Google, ule unaotokea na nyota na kitufe cha kupiga, ni wa bure. Google yenyewe inasema huangalia mambo matatu: biashara inahusiana vipi na kilichotafutwa, iko umbali gani, na inajulikana kiasi gani. Alama ya mzee ilikuwa bado kwenye ofisi aliyohama zamani, na aina ya biashara iliandikwa "ujenzi". Tukarekebisha vyote viwili, tukaweka saa za kazi za kweli na picha zilizopigwa saiti. Umbali huwezi kuushinda: mtu aliyeko Kibaigwa hataiona ofisi ya Area C kirahisi kwenye ramani, na huyo ndiye anayehitaji ukurasa wa tovuti unaozungumzia Kongwa.

Maoni ya wateja tuliyaomba siku ileile maji yanapotoka, mwenye nyumba akiwa bado amesimama pale, suruali imelowa. Usilipie maoni na usitoe zawadi ili mtu aandike. Ni kinyume cha masharti ya Google, na sifa za kununuliwa huwa zinajulikana. Akija mwenye lalamiko, mjibu kwa heshima, mweleze umefanya nini, uache wengine wasome.

Kisha kuna jambo ambalo wenzangu wengi wa kazi hii hawaligusi kwa kuwa halipo kwenye kompyuta. Simu inapoita, nani anapokea? Mzee alikuwa saiti, mtambo unanguruma, simu iko mfukoni. Simu za watu tuliowatafuta kwa miezi zilikuwa zinaishia hapo. Tukaweka namba ya pili inayokaa ofisini kwa dada mmoja, na daftari lenye safu nne: jina, eneo, umetupataje, tumekubaliana nini. Ile safu ya "umetupataje" ndiyo ripoti yangu ya kweli mpaka leo. Kwenye tovuti nikaweka kitufe cha WhatsApp chenye ujumbe ulioandikwa tayari, "Habari, nimeona tovuti yenu, naomba bei ya kisima eneo la...", mteja anamalizia jina la mtaa na kutuma. Mwanzoni nilikuwa nimeweka fomu yenye visanduku saba. Karibu hakuna aliyeijaza.

Namba za watu hao ni amana. Kampuni moja ya vifaa vya ujenzi iliniomba niwauzie orodha, na nikakataa bila kumuuliza mzee. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata kama isingekuwepo, mtu alitupa namba ili apate maji. Waeleze wateja wako hivyo mapema, kabla hawajashawishiwa.

Njia hii niliitumia tena kwa lodge moja upande wa Kisasa iliyotaka taasisi zije kufanya semina. Pale sikusikiliza simu, nilisoma barua pepe zao za zamani. Mratibu wa semina haulizi kama ukumbi ni wa kisasa. Anauliza unabeba watu wangapi wakikaa kwa meza, chakula na chai ni shilingi ngapi kwa kichwa, kama kuna jenereta, profoma, yaani ankara ya awali, itatoka lini, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ipo. Tukaandika hayo kwa namba. Sikuwaahidi zabuni za serikali, kwa sababu manunuzi ya umma yanapita kwenye mfumo wa NeST, na tovuti nzuri haimwingizi mtu humo. Niliwaahidi maulizo ya mashirika na makampuni, na hayo yalikuja. Tuliwahi pia kupanga muda: Bunge la bajeti hujaza mji kuanzia Aprili, kwa hiyo kurasa zilipaswa kuwa tayari miezi kadhaa kabla. Kwa visima hali kadhalika. Kazi hupamba moto kiangazi, mimi huandika wakati wa mvua, gari likiwa limekwama tope.

Kuhusu muda, mwambie mteja ukweli siku ya kwanza. Google imewahi kueleza kwamba kwa kawaida huchukua miezi minne mpaka mwaka mmoja kuona faida, na kwamba hakuna mtu awezaye kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Mimi huandika hayo kwenye mkataba. Huandika pia kwamba jina la tovuti linasajiliwa kwa jina la mteja mwenyewe. Nimekutana na mfanyabiashara aliyepoteza tovuti ya miaka kadhaa kwa sababu fundi aliyeisajili kwa jina lake alibadilisha namba akapotea. Iliniuma sana kumwambia kwamba tunaanza sifuri.

Picha nzito za simu zipunguze kabla ya kupandisha. Watu wanafungua kwa bando.

Ukurasa uliotuchukua muda mrefu zaidi kwa mzee ni ule wa swali la mwisho kwenye daftari langu: mkikosa maji nalipa? Hakutaka uwepo. Alisema nani ataweka kwenye tovuti yake habari za visima vikavu. Lakini kila siku alikuwa analijibu kwenye simu, kwa uwazi, tena vizuri. Nikamwomba anijibu mimi kama ananijibu mteja, nikarekodi, nikaandika alivyosema: kwamba upimaji hupunguza hatari lakini hauiondoi, kwamba mita zilizochimbwa zinalipwa kwa kiasi gani, kwamba amewahi kukosa, na alichofanya alipokosa. Uliwekwa hewani mwezi Machi. Juzi nilipita ofisini, dada akanigeuzia daftari. Kwenye safu ya "umetupataje" ameanza kuandika kwa kifupi tu, "ule wa kukosa maji."