Anga Likiwa Safi, Mkanda Usifunguliwe

Februari mwaka jana nilisafiri mchana kutoka London kwenda Toronto. Anga lilikuwa safi hata bahari ya Atlantiki ikaonekana ikimeta chini yetu, taa ya mkanda ilikuwa imezimwa, na wahudumu walikuwa wakigawa chai. Ghafla ndege iliporomoka: tulikuwa tumeingia katika msukosuko wa hewa, ule usioonekana kwa macho. Chai yangu ilitoka kikombeni ikapaa hadi darini, na mzee aliyeketi ng'ambo ya ujia, ambaye alikuwa amelegeza mkanda na kuufungua baada ya kula, alirushwa akagonga kichwa kwenye kabati la mizigo. Tukio zima halikumaliza nusu dakika, lakini damu yake niliifuta kwa kitambaa changu mwenyewe.

Ndege za abiria hupita umbali wa kilomita 10 hadi 12 juu ya ardhi, karibu na mikondo ya upepo ambayo wakati wa baridi huweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Pale mkondo huo unapopakana na hewa iendayo polepole, matabaka hayo mawili husuguana na kuvurugika kama maji ya mto yanayopita penye miamba, isipokuwa hapa hakuna povu la kumwonya mtu. Rada ya ndege hutambua matone ya maji. Pasipo wingu haina cha kuonyesha, na rubani hubaki kutegemea utabiri na taarifa za marubani waliotangulia. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, uliotolewa mwaka 2023, ulionyesha kwamba juu ya Atlantiki ya Kaskazini muda wa misukosuko mikali ya aina hii uliongezeka kwa asilimia 55 kati ya mwaka 1979 na 2020, kadiri dunia inavyozidi kupata joto.

Mabawa yameundwa yapinde bila kuvunjika, kwa hiyo kinachostahili kuogopewa zaidi ni mwili usiofungwa mkanda. Desemba 1997, ndege iliyokuwa ikitoka Tokyo kwenda Honolulu ilikumbwa na msukosuko, na abiria ambaye hakuwa amefunga mkanda alifariki.

Basi kaza mkanda chini ya tumbo, juu ya nyonga, na ukilala ufunge juu ya blanketi ili mhudumu auone bila kukuamsha. Mtoto mchanga, ukiweza, mlipie kiti chake, kwa sababu mikono ya mama, hata ikimpenda namna gani, haiwezi kumzuia. Msukosuko ukikukuta ujiani, usikimbilie kiti chako: keti penye nafasi yoyote, au kaa sakafuni ushike mguu wa kiti.